Unakuja Eastlands? Panga Pesa Yako Kabla Hujapanda Basi

Shule zikifungwa, kijana akiitwa kazi, ama mgonjwa akipewa tarehe ya kuonana na daktari pale Mama Lucy Kibaki, Eastlands hupokea wageni. Wengine wanashukia Machakos Country Bus pale Landhies Road, wengine wanakuja na SGR hadi Syokimau. Siku hizi wengi wanafanana kwa jambo moja: pesa yote ya safari iko kwa simu.

Hiyo ni sawa. Ni afadhali kuliko kufunga noti kwa leso. Lakini pia inamaanisha kwamba simu ikizima, ikinyakuliwa, ama ukituma pesa kwa mtu usiyemjua, safari nzima inasimama. Kwa hivyo tumeandika makala hii kwa mgeni, na pia kwa mwenyeji anayemngoja Umoja, Kayole ama Buru. Mifano yetu ni ya M-Pesa kwa sababu ndiyo wengi wenu mnatumia.

Ukiwa bado nyumbani

Fanya mambo manne.

Kwanza, piga *100*100#. Hiyo inafunga laini yako ya Safaricom ili mtu asiweze kuibadilisha kwa simu akijifanya ni wewe. Ukihitaji laini mpya itabidi uende mwenyewe na kitambulisho.

Pili, andika namba mbili muhimu kwa karatasi: ya mwenyeji na ya mtu mmoja wa nyumbani. Simu ikipotea, hutakumbuka namba ya mtu yeyote.

Tatu, weka kitambulisho mbali na simu. Bila kitambulisho hutoi pesa kwa wakala, na hupewi laini nyingine. Ukiviweka kwa mfuko mmoja, mwizi mmoja anachukua vyote.

Nne, beba kiasi kidogo cha noti za 50, 100 na 200. Mtandao ukikwama, konda hatakungoja.

Steji na nauli

Muulize mwenyeji vitu vitatu: namba ya gari, jina la steji ya kushukia, na alama iliyo karibu, kama vile kanisa, petroli ama supamaketi. Namba 58 inaenda Buruburu kwa Jogoo Road, 19/60 ni ya Kayole, na namba 9 ni ya Eastleigh. Ukishuka SGR Syokimau, kuna treni inayokupeleka mpaka stesheni ya tao, kwa hivyo usikimbilie teksi ya kwanza inayokuitia.

Nauli ya mathree haina bei moja. Asubuhi na jioni inapanda, na mvua ikinyesha inapanda zaidi. Uliza "ni ngapi?" kabla hujakanyaga ngazi. Kama utalipa kwa simu, mwambie konda mapema, soma namba iliyobandikwa ndani ya gari, halafu mwonyeshe ujumbe. Kutuma shilingi 100 ama chini ya hapo ni bure, kwa hivyo nauli ndogo haikuongezei gharama.

Ukishamaliza kulipa, weka simu ndani. Kwenye jam, simu iliyo mkononi karibu na dirisha lililo wazi haichukui muda kwenda. Na mtu usiyemjua akikuomba simu "apige moja tu", mwambie akutajie namba, piga mwenyewe, na uweke spika.

Kutoa pesa kwa wakala

Toa mchana, kwa duka lenye namba ya wakala iliyobandikwa ukutani. Ingiza namba mwenyewe, usimpe mtu simu akusaidie. Jina la duka likitokea, lisome. Usiondoke kabla ujumbe haujaingia na hujahesabu pesa.

Piga hesabu pia. Kutoa shilingi 500 kunakatwa 29. Kutoa 2,000 pia ni 29. Ukitoa 500 mara nne umelipa 116, na hiyo tofauti ya 87 ni nauli.

Mara nyingi hata hauhitaji kutoa. Ukilipa kwa till, mteja hakatwi chochote. Tangu 2022 hata mteja wa Airtel Money anaweza kulipa kwenye till ya M-Pesa. Kwa hivyo kwa duka, kwa hoteli ya chapati na kwa duka la dawa, uliza kwanza: "Mko na till?"

Soma jina kabla pesa haijatoka

Kama utasahau mengine yote, kumbuka hili. Kabla pesa haijatoka, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Hiyo nafasi ya kusoma ndiyo ulinzi wako mkubwa.

Unanunua nguo za jumla Eastleigh? Jina kwenye simu lifanane na lile la duka ama la risiti. Uko hospitali ya serikali? Lipa kwa namba rasmi iliyo kwenye kaunta ya malipo, si namba ya mtu aliyekukuta kwa foleni akasema atakusaidia. Unatafuta nyumba? Usitume deposit kwa nyumba ambayo hujaingia ndani, na usikubali "tuma sasa kuna mwingine anaitaka." Jina likiwa la mtu mwingine, hata ukiambiwa ni la bro yake, simama uulize.

Ukikosea namba, usianze kubishana na aliyepokea. Peleka ujumbe wote wa M-Pesa kwa 456 mara moja. Ukichelewa na yeye atoe, kuirudisha kunakuwa ngumu.

Na ukipigiwa simu kwamba "nimekutumia kimakosa, nirudishie", angalia salio kwanza. Ujumbe unaweza kuwa wa kutungwa. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie apeleke ujumbe wake 456. Usirudishe mwenyewe.

Kwa wale waliobaki nyumbani

Matapeli hawamlengi mgeni peke yake. Wanapiga nyumbani: "Mzee, mtoto wako amepata ajali Nairobi, tuma pesa ya dawa haraka." Mzazi akisikia hivyo, mkono unatetemeka na pesa inaenda.

Kubalianeni mapema, kabla ya safari. Hakuna pesa inayotumwa kwa namba mpya mpaka mmoja wenu ampigie msafiri kwa namba yake ya kawaida, ama ampigie mwenyeji. Mkitaka, chagueni swali ambalo ni familia tu inajua jibu. Inachukua dakika mbili, na inaweza kuokoa pesa ya karo ya muhula mzima.

Na anayepiga akisema ni Safaricom, angalia namba. Wao hupiga kutoka 0722 000 000 peke yake. Hata hapo, hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote anayehitaji PIN yako, na sisi pia hatuihitaji. Ujumbe wa utapeli upeleke 333, ni bure.

Simu ikiibiwa

Usimkimbize mwizi. Omba simu ya Safaricom kwa duka lililo karibu, piga 100, useme laini ifungwe. Kisha mpigie mwenyeji kwa namba iliyo kwenye karatasi. Chukua abstrakti kwa kituo cha polisi, nenda na kitambulisho ubadilishe laini. Pesa haikai ndani ya simu, iko kwa akaunti. Ukifunga laini kabla mtu hajajua PIN yako, utaikuta vile uliiacha.

Tumia makala hii kwa anayekuja wiki hii, aisome akiwa bado nyumbani. Karibu Eastlands.