Elimu kwa Mtoto Mwenye Ulemavu

Mkoa wa Mara uko kaskazini mwa Tanzania, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mji wake mkubwa ni Musoma, uliojengwa ukingoni mwa ziwa. Ukishika njia ya kusini utafika Bunda, nchi iliyo kati ya ziwa na mbuga ya Serengeti. Na ukielekea barani, kwenye vilima vya Wazanaki, utafika Butiama. Watu wa huku ni wakulima, wavuvi na wafugaji. Mmoja hulima mihogo na pamba, mwingine huvua dagaa usiku kwa taa, mwingine huchunga ng'ombe. Vijiji vyao vimetawanyika, na watoto wengi hutembea mwendo mrefu kila siku ili wafike shuleni.

Mwaka wa 1934 mtoto mmoja wa Butiama, umri wake miaka 12, alikwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kutoka kwao hata Mwisenge ulikuwa mwendo wa maili 26 hivi, naye akawa akikaa shuleni. Mtoto huyo aliitwa Julius Nyerere, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania. Shule ya Mwisenge ingalipo hata leo, na ndani yake mna kitengo cha wanafunzi wasioona, ambao husoma katika shule moja na wenzao wanaoona.

Sasa fikirini. Ikiwa njia ya kwenda shule ilikuwa ndefu kwa mtoto mwenye macho na miguu mizima, je, kwa mtoto asiyeona ni ndefu namna gani? Na yule asiyesikia, au asiyeweza kutembea, atafikaje? Watoto wa namna hii wamo katika vijiji vyetu. Wengine wamefika shule, lakini wengine wamebaki nyumbani, kwa sababu wazazi wao huwaonea haya, au huwahurumia kupita kiasi, au hudhani kwamba mtoto wa namna ile hawezi kujifunza neno. Kufikiri hivyo ni kosa, nalo lina hasara kubwa. Mwaka wa mtoto ukipita bila mafunzo haurudi tena.

Elimu maalumu maana yake si elimu nyingine iliyo ndogo au hafifu. Ni elimu ile ile, hesabu zile zile na kusoma kule kule, ila hupitishwa katika mlango mwingine. Wewe usomaye ukurasa huu waupokea kwa macho. Mtoto asiyeona huupokea kwa ncha za vidole, na kiziwi huyapokea kwa macho yale ambayo wewe huyasikia kwa masikio. Kazi ya mwalimu ni kuujua mlango ulio wazi na kuupitia.

Tuone kwanza jinsi vidole vinavyoweza kusoma. Katika nchi ya Ufaransa, mwaka wa 1809, alizaliwa mtoto katika kijiji cha Coupvray, jina lake Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa kushona vyombo vya ngozi vya farasi. Siku moja mtoto huyo, alipokuwa na miaka 3, alichezea chombo cha baba yake chenye ncha kali, kikamchoma jicho. Jicho likaoza, na ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akawa haoni kabisa. Lakini wazazi wake hawakumficha. Walimpeleka katika shule ya kijijini pamoja na watoto wengine, akawa akisikiliza na kukumbuka, wala hakuwa wa mwisho katika darasa. Alipotimia miaka 10 akapelekwa mjini Paris, katika shule ya watoto wasioona.

Huko walisoma vitabu vyenye herufi kubwa zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vitabu hivyo vilikuwa vizito, tena kusoma kwake kulikuwa kwa polepole sana, na kuandika hakukuwezekana. Ndipo Louis aliposikia habari za askari mmoja, Charles Barbier, aliyebuni maandishi ya nukta 12 yaliyoweza kupapaswa kwa mkono. Nukta 12 zilikuwa nyingi mno kwa ncha ya kidole kimoja. Louis akazipunguza zikawa 6 tu, na mwaka wa 1824, alipokuwa kijana wa miaka 15, kazi yake ilikuwa karibu kukamilika. Maandishi hayo huitwa kwa jina lake, breili. Na kwa Kiswahili huitwa pia maandishi ya nukta nundu.

Yafanyaje kazi? Fikirini mashimo sita ya bao, matatu upande wa kushoto na matatu upande wa kulia. Upande wa kushoto, toka juu kwenda chini, yaiteni 1, 2 na 3. Upande wa kulia yaiteni 4, 5 na 6. Ukitia kete moja katika shimo la 1, hiyo ni herufi a. Ukitia katika 1 na 2, hiyo ni b. Ukitia katika 1 na 4, hiyo ni c. Herufi kumi za kwanza hutumia mashimo manne ya juu tu. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza, ila kila moja huongezewa nukta ya 3: hivyo a ikiongezwa nukta ya 3 huwa k, na c huwa m. Basi neno mama huandikwa kwa nukta 1, 3 na 4, kisha nukta 1. Halafu hivyo hivyo mara ya pili. Kwa nukta sita zaweza kufanyizwa alama 63, nazo zatosha kwa herufi, tarakimu na vituo.

Tena kuna jambo la ajabu kidogo. Siku zile Wafaransa hawakuihesabu w kuwa miongoni mwa herufi zao, kwa hiyo haikuwamo katika mpango wa kwanza. Iliongezwa baadaye, nayo ni umbo la j lililotiwa nukta ya 6. Sisi tusingaliweza kufika mbali bila herufi hiyo, maana watu, wali, wino na wiki zote zaihitaji.

Kuandika ni hivi. Mwanafunzi hutia karatasi nene katika kibao chenye vidirisha vidogo vidogo, kisha hubonyeza kwa chuma chenye ncha. Nundu hutokea upande wa nyuma wa karatasi. Kwa sababu hiyo hana budi kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Na akiisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama sisi. Iko pia mashine yenye vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta. Lakini mashine ni ya thamani kubwa, karatasi yake ni nene, na kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa breili huwa vitabu kadhaa vikubwa. Hii ni sababu moja kwa nini shule nyingi za vijijini hazina vitu hivi.

Kwa kiziwi, mlango ni macho. Viziwi wana lugha yao ya alama, inayosemwa kwa mikono, kwa uso na kwa mwili. Ni lugha kamili yenye maneno na sarufi, wala si michezo ya mikono. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi hudhaniwa kuwa mkaidi au mjinga, kwa sababu huitwa asiitike. Mwalimu mwenye busara akimwona mtoto wa namna hiyo hamchapi, bali humkalisha mbele na kumpima. Tena hasemi huku akiandika ubaoni na kuwapa watoto kisogo, maana asiyesikia hutazama midomo.

Mtoto mwenye ualbino huzaliwa bila rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho, kwa kuwa amerithi hali hiyo kwa baba na kwa mama. Akili yake ni kama ya mwingine yeyote. Macho yake hayavumilii mwanga mkali, wala hayaoni vizuri yaliyo mbali. Kwa hiyo yampasa akae karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua. Ngozi yake huunguzwa na jua hata kupata saratani, kwa hiyo yampasa avae kofia pana na nguo za mikono mirefu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu waovu walioamini uganga wa uongo waliwaua watu wenye ualbino katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Serikali ikawakusanya watoto wengi katika shule za bweni ili walindwe. Walipata usalama, lakini wengi wao walitengwa na mama zao kwa miaka mingi. Hivyo uovu wa wachache na ujinga wa wengi uliwagharimu watoto wasio na hatia.

Wako na wengine: mtoto ambaye akili yake hushika polepole, na mtoto asiyeweza kutembea. Wa kwanza afundishwe jambo moja baada ya jingine, kwa hatua fupi, kwa vitu vya kushika kama vijiti na maharage, tena arudiwe bila hasira. Wa pili pengine hana haja ya kitu ila njia isiyo na ngazi, mlango mpana, na choo anachoweza kukifikia.

Tanzania imepita njia tatu katika kuwafundisha watoto hawa. Njia ya kwanza ni shule zilizo zao peke yao. Shule ya wasioona ya Buigiri, katika Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka wa 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka wa 1963. Faida yake ni kwamba vyombo vyote na walimu waliofundishwa wako mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba mtoto huishi mbali na kwao, na wenzake wa kijijini hawamjui. Njia ya pili ni kitengo ndani ya shule ya kawaida, kama Mwisenge. Njia ya tatu ni kumpokea mtoto katika darasa lile lile la shule ya kijijini kwao, na hiyo huitwa elimu jumuishi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka wa 2010 yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu sawasawa na wengine.

Njia ya tatu ni nzuri, lakini haitoshi kumkalisha mtoto darasani tu. Mtoto asiyeona aliyekaa kati ya wenzake bila kibao cha breili, na bila mwalimu aijuaye, yupo shuleni kwa mwili tu. Walimu wa elimu hii hufundishwa katika chuo cha Patandi karibu na Arusha, lakini vijiji ni vingi kuliko walimu.

Je, shule ya kijiji cha Bunda au Butiama ingoje mpaka yote yatimie? La, hasha. Yako mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Fundi seremala aweza kuchimba mashimo sita katika kipande cha mti, na kete za bao zikawa nukta. Hivyo mtoto asiyeona aanze kujifunza herufi kabla hajapelekwa penye vyombo kamili. Kamba yaweza kufungwa toka darasani hata chooni, aifuate kwa mkono. Ngazi ya mlango yaweza kufukiwa kwa udongo na mawe ikawa mteremko. Ramani ya ziwa yaweza kuchorwa kwa uzi uliobandikwa kwenye ubao, mtoto akaipapasa pwani ya Musoma kwa kidole chake.

Na ninyi wanafunzi mna kazi yenu. Ukimwongoza asiyeona usimvute mkono; mpe kiwiko chako akishike, nawe utangulie hatua moja. Ukimkaribia mtaje jina lako, na ukiondoka mwambie. Usiache jembe wala ndoo njiani. Ukitaka kusema na kiziwi mguse bega, umwelekee uso, na ujifunze alama zake. Usimwite mtu kwa jina la ulemavu wake. Na ukijua kwamba katika nyumba fulani yuko mtoto aliyefichwa, mwambie mwalimu wako, ili yeye akanene na wazazi kwa upole. Pengine neno lako hilo moja ndilo litakalomfikisha shule.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Serikali yatoa sheria, chuo chatoa walimu, mzazi amtoa mtoto nyumbani, na wanafunzi wampokea. Akikosekana mmoja katika hao, kazi ya wengine haitimii.

Maswali

1. Shule ya Mwisenge iko wapi, na ina kitengo gani?
2. Kwa nini wazazi wengine huwaficha watoto wenye ulemavu?
3. Andika jina lako kwa mashimo sita ya bao, ikiwa herufi zake zimo katika kumi za kwanza. Muulize mwalimu zile usizozijua.
4. Kwa nini mtu anayeandika kwa kibao cha breili huanza upande wa kulia?
5. Taja faida moja na hasara moja ya kila njia katika zile tatu.
6. Tazama shule yako. Ni jambo gani lingemzuia mtoto asiyeweza kutembea, nanyi mwaweza kulitengenezaje?