Fangasi Anayebadilika Akiwa Ndani ya Mgonjwa

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kharumwa hadi Kahama, mtu akiumwa kichwa wiki ya pili mfululizo na panadoli isimsaidie, wengi hukimbilia malaria. Kwa mwenye VVU ambaye seli zake za kinga za CD4 zimeshuka chini ya 100, yupo mwingine wa kushukiwa: Kriptokokasi, fangasi wa kwenye udongo, miti na kinyesi cha njiwa. Huvutwa na vumbi, hutulia mapafuni, na kinga ikilegea hupanda ubongoni.

Maabara humnasa kwa tone la maji ya mgongo lililochanganywa na wino mweusi. Huonekana seli ya mviringo iliyozungukwa na pete angavu, nayo ni gamba la ute ambalo wino haulipenyi. Wapo ndugu wanaokataa maji hayo yasitolewe, wakiamini sindano ya mgongo ndiyo inayoua. Lakini wengi huchomwa wakiwa wameshazidiwa, na lawama huiangukia sindano.

Kwa fangasi huyu, mwili wetu ni nchi ya joto. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mtafiti Asiya Gusa na wenzake walimkuza ndugu wa karibu wa fangasi huyo kwenye nyuzi 30 na nyuzi 37. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya vizazi 800 hivi, mabadiliko yaliyoletwa na vipande vya DNA vinavyohamahama yalikuwa mara tano zaidi kwenye joto la mwili. Vipande vya aina hiyo Barbara McClintock alivigundua kwenye mahindi miaka ya 1940. Kipande kikidondokea katikati ya jeni, huiharibu, na mara mojamoja uharibifu huo humkinga fangasi dhidi ya dawa.

Kama joto, dawa nayo ni mazingira yanayombadilisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wagonjwa wa Tanzania, ukaona kwamba dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli ikitumika peke yake, seli sugu huongezeka. Siri iko kwenye kromosomu. Kriptokokasi ana 14, na seli sugu huwa na nakala ya ziada ya kromosomu namba 1, iliyobeba jeni ERG11, ambayo protini yake ndiyo inayoshambuliwa na dawa, pamoja na AFR1, inayotengeneza pampu ya kuitoa dawa nje. Ni kama wachimbaji kuongeza pampu duara, yaani shimo la dhahabu, likijaa maji. Duara likikauka, pampu huondolewa, maana mafuta ni ghali: dawa ikikoma, seli nyingi huitupa nakala hiyo, na usugu hauonekani tena kwa urahisi kwenye vipimo.

Utafiti huohuo ulionyesha kuwa dawa nyingine, flusaitosini, ikiongezwa, seli hizo sugu hazipati nafasi ya kuzaana. Majaribio ya tiba yaitwayo ACTA, yaliyochapishwa mwaka 2018 na kuihusisha Tanzania pamoja na Malawi, Zambia na Kameruni, yaliipa dawa hiyo uzito zaidi. Hata hivyo flusaitosini nayo haitolewi peke yake, kwani fangasi huizoea upesi.