Barbara Kimenye: Aliyewapa watoto wa Afrika Mashariki mashujaa wao

WATOTO wengi waliosoma Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 walimfahamu Moses kabla ya kumfahamu aliyemwumba. Moses ni mvulana mtundu wa shule ya bweni, ambaye kila anapojaribu kutengeneza mambo huyaharibu zaidi. Vitabu vyake vilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, vikasomwa hata majalada yakachakaa. Aliyeviandika, Barbara Kimenye, alifariki London mnamo Agosti 2012, na inafaa kizazi cha leo kielezwe alikuwa nani.

Kimenye alizaliwa mwaka wa 1929 mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Babake alikuwa daktari mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Alikwenda London kusomea uuguzi, na huko akaolewa na mwanamume kutoka Bukoba. Katikati ya miaka ya 1950 alimfuata mumewe hadi kando ya Ziwa Victoria, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Ndoa ilipovunjika, hakurudi kwao. Alivuka mpaka hadi Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka Mutesa wa Pili, kisha akaingia katika uandishi wa habari. Tangu hapo alijihesabu kuwa mtu wa Uganda, ijapokuwa hakuzaliwa huko.

Mnamo 1965 alihamia Nairobi, akawa mwanahabari katika magazeti ya hapa nchini. Mwaka huo huo ndipo kitabu chake 'Kalasanda' kilipochapishwa, kikafuatwa na 'Kalasanda Revisited' mwaka wa 1966. Kalasanda ni kijiji cha kubuni huko Buganda. Hakuna vita wala mapinduzi katika visa vyake. Kuna majirani, umbeya, wivu na huruma. Hadithi yake mashuhuri ni ile ya mzee Pius Ndawula, anayeshinda donge nono katika mchezo wa kubashiri matokeo ya kandanda. Ghafla nyumba yake inajaa jamaa ambao hawajamjulia hali kwa miaka mingi. Mchwa hawakosi penye kuni, na Kimenye aliyachora hayo bila kumtukana mtu.

Jicho hilo ndilo alilolipeleka katika fasihi ya watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza mfululizo wa Moses, unaosimulia maisha katika shule yenye jina la fahari kupita hali yake: Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Mabwana wa Kiafrika. Kejeli imo katika jina lenyewe, kwani wanaosoma hapo ni wavulana ambao shule nyingine ziliwachoka. Moses na wenzake, akina King Kong na Itchy-Fingers, huviziana na walimu, hutoroka, hunaswa, na mwishowe hujifunza jambo.

Kimenye alijua pia kuwa mtoto hupenda fumbo. Katika 'The Smugglers' (1966) aliandika kuhusu magendo. Katika 'Moses and the Kidnappers' wamo watekaji nyara. Mnamo 1978 alitoa 'The Gemstone Affair' na 'The Scoop', hadithi za kusisimua kwa vijana. Siri ya hadithi za aina hii ni taharuki: msomaji hupewa dalili chache, akaachwa abahatishe, na hawezi kukiweka kitabu chini kabla ya kuupata ukweli. Mtoto aliyechukia kusoma hujikuta amemaliza kurasa mia moja bila kulazimishwa.

Umuhimu wa kazi hiyo huonekana tukikumbuka hali ya wakati ule. Wapelelezi wadogo waliosomwa shuleni walikuwa watoto wa Kiingereza wenye likizo za pwani na chai ya saa kumi. Ndipo mtoto wa Kisumu au Masaka alipofungua kitabu akakuta bweni, mwalimu mkuu na vijiji anavyovifahamu. Alitambua kwamba maisha yake pia yanafaa kuandikwa. Si ajabu kwamba vitabu vya Kimenye viliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Mnamo 1975 alihamia London, alikofanya kazi ya ushauri kuhusu uhusiano wa rangi. Baadaye alirejea Uganda, kisha Nairobi, kabla ya kwenda kuishi London kwa mara ya mwisho mwaka wa 1998.

Funzo lake kwa waandishi wetu wa Kiswahili ni wazi. Hadithi nyingi za watoto bado huanza kwa mawaidha na kumalizika kwa mawaidha, na mtoto huyanusa tangu ukurasa wa kwanza. Kimenye alianza na kicheko na fumbo. Adabu ikaja nyuma yake taratibu. Anayetaka watoto wasome, awape kwanza sababu ya kufungua ukurasa unaofuata.