'Nilijua' si sawa na 'nilikuja kujua'

Majuzi mjini Voi, mzee mmoja aliniomba nimsomee taarifa ya Kiingereza aliyotaka kuitia sahihi kuhusu shamba lake. Alikuwa ameisimulia kwa Kiswahili, kijana wa saiba akaitafsiri. Mzee alikuwa amesema hivi: "Niliingiwa na shaka nilipoona vigingi, lakini nilikuja kujua nilipofanya sachi ya hati." Tafsiri ikadai kwamba alijua tangu siku ya vigingi.

"Prof, si ni kitu kimoja tu?" kijana akaniuliza.

Hasha! Sheria ya Kenya, Sura ya 22, humpa mdai wa ardhi miaka 12. Penye udanganyifu, hesabu huanza siku alipougundua, au siku ambayo angeweza kuugundua kwa bidii ya kawaida. Baina ya vigingi na sachi kulikuwa na miaka kadhaa. Kwa wakazi wa Taita Taveta, wanaogawana kaunti na mbuga za Tsavo, ranchi na mashamba ya mkonge, hilo si jambo dogo.

Kiswahili kina ngazi nzima ya kupanda kutoka kutojua hadi kujua. Chini kabisa kuna kushuku na kuingiwa na shaka. Hapo mtu hajajua; ananusa tu. Kisha kuna kung'amua, yaani kuunganisha dalili hadi maana ijitokeze. Kubaini huhitaji ushahidi ulio wazi. Kuerevuka nako huenda polepole, ndiyo maana wahenga wakasema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Yapo pia maneno ya ghafla. Kugutuka na kuzinduka yametoka usingizini: aliyelala huamka mara moja. Kutanabahi, tulilolipata kutoka Kiarabu, lina maana ya kuwa macho baada ya kughafilika. Na katika mazungumzo, neno moja linatosha: "Kumbe!"

Waingereza nao wana njia zao. Kwa jambo linalowajia kidogo kidogo, husema limewapambazukia. Kwa la ghafla, husema senti imeanguka, taswira ya mashine iliyokuwa haifanyi kazi mpaka sarafu idondoke ndani. Husema pia magamba yameanguka machoni, kutokana na kisa cha Saulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Ukimwambia mtu wa Voi kwamba senti imeanguka, ataangalia chini aiokote!

Lakini katika sentensi ya mzee, hoja ilibebwa na kitenzi kisaidizi 'kuja'. 'Nilijua' hutaja hali tu. 'Nilikuja kujua' huonyesha kwamba kulikuwa na kipindi cha kutojua, kikafika kikomo. Ukitaka kuikaza siku yenyewe, sema: "Nilipofanya sachi, ndipo nilipojua."

Lazima nikiri kosa langu. Kwa miaka mingi niliwaruhusu wanafunzi waorodheshe kujua, kung'amua na kugundua kama visawe, nikawapa alama. Darasani kosa hilo halikumdhuru mtu. Katika taarifa ya mzee, lingeweza kumgharimu shamba.

Tulirekebisha tafsiri, shaka ikakaa mahali pake na ujuzi mahali pake. Wakili wa upande wa pili huenda akauliza kwa nini mzee hakufuatilia mapema. Hilo mzee atalijibu mwenyewe, ila atakuwa anajibu kwa maneno aliyoyasema.