Galeri yenye kulia juu ya motokari: namna ya kuinyamazisha

Siku ya Posho, asubuhi. Baba mmoja, mutu wa kazi ya chini ya ardhi, anatoka Kolwezi na bibi yake na watoto watatu. Wanaenda Lubumbashi kwa kilio. Juu ya motokari, galeri imebeba matela mbili, saki ya makala na saki ya unga, yote chini ya bashi. Toka Kolwezi galeri inalia: vuuu, vuuu. Baba anaongeza sauti ya redio. Mbele ya kufika Likasi, mama anapiga kelele nyuma: «Baba, simama! Kitu kinapiga pale juu!» Baba hasikii. Kisha matela moja inaruka, inaanguka barabarani mbele ya mutu wa pikipiki. Yule kijana akakata upande wa majani, akaanguka, akasimama mwenyewe. Mungu alimsaidia.

«Mi nilizania ni upepo tu,» yule baba alituambia. «Makelele ya galeri ni ya kila siku. Sikujua kama siku ile ilikuwa makelele ingine.»

Maneno hayo ndiyo yametusukuma kuandika habari hii. Watu wengi wanazoea galeri yenye kulia kama wanavyozoea mtoto wa jirani. Lakini kelele hiyo inaficha kelele zingine: bashi iliyofunguka, honi ya kamio nyuma, sauti ya bibi.

Kwa nini inalia?

Upepo ukikutana na chuma cha galeri kilichokingama, haupiti sawasawa. Nyuma ya chuma unajikunja, mviringo mmoja juu, mwingine chini, zamu kwa zamu, na kila mviringo unasukuma hewa. Mwaka 1878 mtaalamu mmoja wa Bohemia, Vincenc Strouhal, alipima sauti ya nyuzi zinazoimba katika upepo. Alikuta sauti inapanda kama mwendo unaongezeka, na inapanda pia kama uzi ni mwembamba. Galeri inafuata sheria ileile. Chuma cha mviringo chenye unene wa sentimeta 3, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kinatoa mviringo kama mara 150 kwa sekunde. Ndiyo ile «vuuu» nzito. Chuma chembamba kinapiga filimbi.

Galeri nyingi za kwetu zinachomewa kwa chuma cha pembe nne. Pembe zake zinakata upepo kwa nguvu, na kelele inakuwa kubwa. Tena, kama chuma kina tundu ndani na ncha zake ziko wazi, upepo unapuliza pale kama mtoto anavyopuliza mdomo wa chupa.

Dawa zake

Dawa ya kwanza haiombi hata franka moja: kama hubebi kitu, toa galeri. Utapunguza kelele, utapunguza na esansi, kwa sababu galeri tupu nayo inazuia upepo.

Kama haitoki, ziba ncha zote za vyuma. Kipande cha mti kilichochongwa vizuri na kugongwa ndani kinatosha, au kofia ya plastiki. Ziba pia matundu ya visi yasiyo na kazi.

Dawa ya tatu ni kamba. Chukua kamba nyembamba, ya milimeta 3 mpaka 5, uizungushe juu ya chuma cha mbele kama nyoka juu ya mti, si kwa kubananisha: mzunguko mmoja kila sentimeta 15 hivi. Ikaze na ufunge ncha zote mbili. Kamba inavunja ule mpango wa upepo: mviringo wa hapa na mviringo wa pale haipigi tena pamoja, na sauti inakufa. Watu wa viwanda wameona dawa hii mara nyingi bila kuijua: shemine nyembamba za chuma zinawekewa bati lenye kuzunguka toka juu kushuka, ili upepo usizitikise. Hata nyuzi kubwa za umeme, kama zile zinazotoka Inga mpaka Kolwezi, upepo unazitikisa kwa njia hiyohiyo.

Ya nne: kama vyuma vinasogezwa, rudisha kile cha mbele nyuma kidogo. Hewa inayopanda juu ya kioo cha mbele inapita mbio sana pale paa linapoanza. Usipite tu kipimo ambacho mtengenezaji wa galeri ameonyesha.

Ya tano ni kwa mikanda ya kufungia mzigo. Mkanda mpana ukivutwa ukiwa umelala sawa, unatetemeka na kunguruma. Upinde mara moja au mbili mbele ya kuukaza, utanyamaza. Ncha yake iliyobaki usiiache ipeperuke, ifunge.

Ya mwisho ni mguu wako. Kelele ya upepo inapanda haraka kuliko mwendo wenyewe. Kwa hesabu ya wataalamu, ukishuka toka kilometa 100 mpaka 80 kwa saa, nguvu ya kelele hiyo inabaki kama robo.

Masikio ya mfanyakazi

Kwa mutu wa mgodi kuna sababu ingine. Masikio yaliyokaa siku nzima karibu na mashine ya kutoboa au ya kusaga mawe yanachoka. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 ni mpaka unaojulikana kazini. Kupita pale, masikio yanaharibika polepole bila kuuma. Jioni yanahitaji kimya ili yapone. Galeri inayolia saa tatu au ine barabarani, vioo wazi kwa sababu ya joto, na redio juu yake, inayanyima kimya hicho. Na mwenye kuendesha anafika na kichwa kizito.

Yule baba sasa amezungusha kamba kwenye galeri yake na kuziba ncha. Safari ya kurudi Kolwezi ilikuwa tofauti. Karibu na Likasi akasikia kitu kidogo kinapiga, tak, tak, tak. Akasimama. Visi moja ya mguu wa galeri ilikuwa imelegea. Akaikaza kwa ufunguo, dakika mbili tu.

Bibi yake akacheka: «Leo unasikia!»

Ndugu msomaji, mbele ya safari yako, shika galeri kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza, usitoke nayo. Na ukiwa njiani, ukisikia sauti mpya, simama uangalie.