Gitaa la umeme likinyamaza: yale unaweza kutengeneza nyumbani, na pale pa kumwita fundi

Jumapili asubuhi korali imesimama, mpiga solo anagusa kamba, hakuna sauti. Anatikisa waya: sauti inarudi kwa nguvu, kisha inakatika tena. Wimbo wa kwanza unaimbwa na ngoma peke yake. Ibada inapokwisha, mtu mmoja anasema kwamba gitaa limekufa na waamini wachange pesa ya kununua lingine.

Wanamuziki wa Goma, Bukavu, Butembo na Kisangani wanaijua hali hiyo vizuri. Wanachokosa kujua wengi wao ni kwamba gitaa kama hilo mara nyingi ni zima. Kilichokufa ni waya mmoja uliochomoka ndani, na kuurudisha kunaomba dakika kumi na risasi kidogo ya kusude.

Kazi hii mtu anaweza kujifunza nyumbani, kwa sababu gitaa lenyewe halina umeme wa kuua. Mikro zake ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mara maelfu. Kamba ya chuma ikitetemeka juu ya sumaku, inazaa kuranti ndogo sana ambayo mkono hauwezi hata kuisikia. Hatari inaanza upande wa pili wa waya, kwenye ampli, kwa sababu ampli inakula volti 220 za ukutani. Anayetaka kuwa fundi wa nyumbani aanze kwa kushika mpaka huo.

Anza na waya

Kabla ya kufungua kitu chochote, badilisha waya ya jaki na uweke nyingine unayojua ni nzima. Gitaa likilia, kazi imekwisha: waya ilikuwa imekatika karibu na kichwa cha jaki, pale inapokunjwa kila siku. Kata kipande kilichoharibika, fungua kichwa, sude upya. Waya ya katikati inapeleka sauti. Ile inayoizunguka ni masse. Zikigusana, gitaa linanyamaza kabisa.

Kama waya ni nzima, chukua turnevisi na ufungue tundu la jaki kwenye gitaa. Nati yake hulegea, tundu linazunguka pamoja na jaki, na mwisho linavunja waya zilizo nyuma yake. Hilo ndilo kosa linalotokea zaidi kuliko yote. Sude waya mahali pake, kisha kaza nati huku umelishika tundu kwa ndani, lisizunguke tena.

Sauti ikikwaruza unapozungusha kifungo cha volimi, ni vumbi limeingia ndani ya potansiometre. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ndani yake na uzungushe kifungo mara ishirini au thelathini. Kama hakiponi, weka kipya: kwa kawaida kilo-ohmu 250 kwa mikro za koili moja, na kilo-ohmu 500 kwa mikro za koili mbili.

Kujua kama mikro ingali hai ni rahisi. Gonga chuma chake polepole kwa turnevisi wakati ampli inawaka na volimi iko chini. Ukisikia tok tok, mikro ni nzima. Mwenye multimetre apime pia: mikro ya koili moja kwa kawaida inaonyesha kilo-ohmu 6 hadi 8. Kama haionyeshi kitu, waya mwembamba umekatika ndani.

Kunguruma kunaelekea kusema jambo. Kama gitaa linanguruma na linatulia ukishika kamba, masse yake inafanya kazi, ila tumbo la gitaa halina kinga. Mafundi wanabandika karatasi ya aluminiumu ya jikoni ndani ya shimo la mikro na kuiunga na masse. Kama kunguruma hakubadiliki hata ukishika kamba, tafuta waya unaotoka kwenye chuma kinachobeba kamba: pengine umekatika.

Kubadilisha gitaa ni jambo la kwetu pia

Leo Fender, Mmarekani ambaye kampuni yake ilisambaza gitaa la umeme ulimwenguni, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California. Gitaa aliloanza kuuza mwaka 1950 lilikuwa na shingo iliyofungwa kwa vise nne, ili shingo ikiharibika itolewe na kuwekwa nyingine. Ni mawazo ya mtu aliyekaa miaka mingi akifungua vifaa vilivyoharibika.

Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake Konono N°1 walitaka likembe isikike katikati ya makelele ya mji. Walitengeneza mikro zao wenyewe kwa sumaku zilizotoka kwenye vyuma vya magari mazee. Mwaka 2004 diski yao Congotronics ilitoka, na mlio ule wa kukwaruza uliwafikisha mbali.

Hata rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika kati ya mali za ulimwengu mwezi wa 12 mwaka 2021, ina badiliko lake. Ili kupiga sehemu ya mi-solo, wapigaji wengi wanatoa kamba ya nne, ile ya Re, na kuweka mahali pake kamba nyembamba ya Mi ya kwanza, wakiishusha hadi Re ya juu. Kamba moja tu inabadilika, na gitaa zima linapata sauti nyingine. Mahali pa kamba ya nne pale kichwani ni papana kuliko kamba nyembamba, kwa hiyo inaweza kucheza na kulia vibaya. Kipande kidogo cha karatasi ngumu chini yake kinaituliza.

Kwenye ampli, simama

Ndani ya ampli kuna kondansateri, makopo madogo yanayoweka umeme. Yanaendelea kuuweka hata baada ya kuchomoa ampli ukutani. Katika ampli ya lampe, umeme huo unaweza kupita volti 300. Kijana anayefungua ampli kwa sababu alifaulu kusude gitaa anaweza kufia hapo, huku waya ya ukutani iko mkononi mwake. Ndani ya ampli ni kazi ya mtu aliyefundishwa kumaliza umeme wa kondansateri kabla ya kugusa.

Kuna mambo unaweza kufanya bila kuifungua. Chomoa ampli, kisha angalia fizible iliyo nyuma. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya nambari ile ile. Usiifunge kwa waya wala kwa karatasi ya sigara. Fizible ikiungua mara ya pili, inakuambia kuna ugonjwa ndani. Kuilazimisha ni kuunguza transfo au nyumba.

Hesabu pia bafle zako. Ukiunga bafle mbili za ohmu 8 sambamba, ampli inaona ohmu 4. Kama nyuma yake imeandikwa kwamba isipite chini ya 8, itapata moto na kuungua katikati ya sherehe, na watu watasema ni kuranti.

Kuranti nayo ina makosa yake. Inapokatika, chomoa ampli. Inaporudi, ngoja dakika chache kabla ya kuiwasha, kwa sababu mara nyingi inarudi kwa kuruka. Stabilizateri inasaidia, ila haiponyi nyumba isiyo na waya wa udongo.

Waya huo ndio watu wanaudharau zaidi. Tundu la ukutani likiwa halina sehemu ya masse, tunatafuta prizi ya miguu miwili na kuendelea. Goma, pale nyumba zimejengwa juu ya lava, kuingiza chuma cha masse ardhini ni kazi ngumu, na wengi wanaiacha. Lakini kumbuka: kamba za gitaa zimeungwa na masse ya ampli. Umeme ukivuja ndani ya ampli na hakuna waya wa udongo wa kuupeleka chini, unakuja kwenye kamba na kumngoja mpigaji. Siku atakapogusa mikro ya kuimbia iliyoungwa na chombo kingine, mwili wake ndio utakuwa waya.

Mwaka 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi Stone the Crows, alikufa namna hiyo jukwaani, mjini Swansea huko Wales, alipogusa mikro ambayo masse yake haikuwa nzuri. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, aliuawa na umeme akipiga gitaa nyumbani kwake.

Kwa hiyo mpigaji akisikia midomo au vidole vinachoma kidogo anapokaribia mikro, asicheke wala asivumilie mpaka wimbo uishe. Aache gitaa, ampli ichomolewe, na fundi wa umeme aitwe kwanza kuangalia nyumba, kisha ampli.

Kanisa au kundi linalotaka kuokoa pesa linaweza kununua vitu vitatu: turnevisi, chuma cha kusude na multimetre ndogo. Limchague kijana mmoja mwenye mkono mtulivu, ajifunze kwa waya za jaki zilizoharibika, kisha kwa gitaa. Pesa iliyokuwa inunue gitaa lingine iende kwa fundi atakayeweka waya wa udongo.