Minangkabau: ardhi ya mama, safari ya kijana

Katika vijiji vya Waminangkabau, Sumatra Magharibi nchini Indonesia, mashamba ya mpunga na nyumba ya ukoo hurithiwa na mabinti kutoka kwa mama zao. Mjomba husimamia tu. Ni sababu mojawapo ya vijana wa kiume kwenda kutafuta maisha mbali, desturi iitwayo merantau. Alichochuma mwenyewe huko, baba anaweza kuwarithisha wanawe.

Je, ardhi ya ukoo huuzwa? Kimila, hapana. Huwekwa rehani kwa shida nne: kumzika marehemu, kumwoza binti aliyechelewa kuolewa, kukarabati nyumba ya ukoo au kumsimika kiongozi wake. Kwa hiyo tunakumbusha: sahihi ya mtu mmoja haitoshi, ukoo mzima lazima ukubali.